Nusu ya Pili ya Rais

Muuza mikanda alilipia kitabu bila kuomba apunguziwe, na papo hapo Jenerali akajua kwamba ametumwa.

Alipokea pesa, akazitia kwenye mfuko wa aproni, akamfungia kitabu chake kwenye gazeti kuukuu na kumtakia siku njema kwa sauti ya asali. Yule bwana alipokwisha kula kona kwenye maduka ya viatu, Jenerali akamgeukia fundi saa, jirani yake wa miaka na miaka.

"Umemwona huyo?"

"Nimemwona. Kwani vipi?"

"Mtu anayegombania bei ya sabuni mpaka muuzaji anataka kulia, leo ananunua kitabu kwa bei ya kwanza? Bei niliyoipandisha makusudi ili tuanzie mbali?"

Fundi saa akatoa lenzi jichoni. "Labda kapenda kusoma."

"Kupenda kusoma hakumtoi mtu akili, Fundi. Pesa ile si yake. Ingekuwa yake ingemuuma."

Jina la Jenerali mama huyu hakujipa mwenyewe. Alipewa na soko kwa sababu ya biashara yake. Chini ya ngazi za zege, zile zinazopanda kwenda ghorofa ya juu kwa mafundi cherehani, alikuwa na meza ndefu, rafu tatu za mbao za makreti, na vitabu vilivyotumika vya namna moja tu: vya viongozi wa vita, vya majasusi, na vya marais na ikulu zao. Vya mapenzi aliwaachia wengine. Vya shule vilikuwa na wenyewe pale getini, nao walikuwa wakali. Yeye alichukua lililobaki, akalilima mpaka likawa shamba.

Alianza na karatasi za kufungia. Alikuwa akinunua magazeti na makaratasi ya zamani majumbani na kuyauza kwa kilo kwa wenye maduka. Siku moja alipata maboksi ya vitabu kutoka nyumba ya askari mstaafu, akamuuzia muuza misumari kama karatasi nyingine yoyote. Haikupita wiki, mafundi seremala wakaanza kurudi kwa yule bwana na kumsumbua. Hawakutaka misumari. Walitaka kujua yule jasusi aliyejificha kwenye pipa alitoka vipi, maana karatasi waliyofungiwa iliishia hapo. Muuza misumari alikuja kulalamika kwamba wateja wanamchagulia karatasi. Jenerali alimsikiliza, akampa pole, akanunua maboksi yake yote upya kwa bei ya kilo. Alikuwa ameelewa kitu ambacho mwenzake alikuwa amekikalia bila kukijua: karatasi ina bei, lakini "halafu ikawaje" ina bei kubwa zaidi.

Ndipo akaanza kuvipasua vitabu. Kitabu kinene kinamtisha mtu aliyesimama kutwa nzima akiuza nyanya. Basi Jenerali alikipasua kwa wembe mgongoni, akavishona vipande viwili kwa uzi uliopakwa nta, kila kimoja akakivika jalada la boksi la sukari. Unachukua nusu ya kwanza. Ikikuchosha, umepoteza kidogo. Ikikunoga, unairudisha, unaongeza, unapewa ya pili. Na hakuwa akikata katikati kwa rula. Alikisoma kitabu chote kwanza, kisha akakata pale mlango unapogongwa na mwenye nyumba hajui aliyeko nje ni nani. Watu walimtukana kwa hilo, kisha wakarudi.

Sasa tuje kwa Mwenyekiti, maana muuza mikanda asingeweza kutumwa na mwingine.

Mwenyekiti wa soko alikuwa mtu wa kweli, na Jenerali hakuwa mwepesi wa kumnyima mtu haki yake. Halmashauri ilipotaka kubomoa soko ili ijenge maegesho ya magari, huyu ndiye aliyelala getini na wenzake. Tingatinga lilipokuja alisimama mbele yake, mikono kiunoni, mpaka dereva akazima injini. Alikwenda mahakamani kwa miguu, akasimama kizimbani, akasema bila kutetemeka. Soko likabaki. Siku ile Jenerali alimshangilia mpaka sauti ikamkauka, akashindwa hata kuuza.

Lakini vita ilikwisha, na Mwenyekiti hakutaka iishe. Uchaguzi wa viongozi wa soko ulipofika aliuahirisha. "Tingatinga limeondoka," alisema, "lakini aliyelituma bado yupo." Watu wakakubali, walikuwa bado na shukrani. Akaahirisha tena. Akaunda kamati ya usalama wa soko, akawatafutia wanakamati kofia. Kisha akakataza watu kukusanyika mbele ya biashara yoyote ile isipokuwa wananunua. Pale chini ya ngazi watu walikusanyika kila alasiri wakibishana kuhusu marais wa watu wengine. Ndiyo maana akatumwa mtu kuchungulia.

Kitabu alichochukua muuza mikanda kilikuwa nusu ya kwanza ya maisha ya rais wa nchi moja ya mbali, aliyekabidhiwa nchi ikiwa imezingirwa na maadui pande zote. Katika nusu hiyo anapigana kama simba. Anashinda. Mwishoni anatia sahihi amri ya kujipa madaraka yote, anafunga kalamu, na mlango unagongwa. Jenerali alikuwa amekata hapo.

Ilikusudiwa kiwe ushahidi. Mwenyekiti akakisoma, na kikamwingia.

Jenerali aliligundua jambo hilo kwenye mkutano wa soko. Mwenyekiti alipanda kwenye kreti, akakohoa, akasema, "Ndugu zangu, nyumba inapoungua hatuitishi kura ya nani ashike ndoo!" Watu wakapiga makofi.

"Leo kasema," fundi saa akanong'ona.

"Hajasema yeye. Kimesema kitabu changu. Ukurasa wenye doa la chai."

Kuanzia siku hiyo mambo yakafuatana kama kwenye karatasi. Rais wa kitabuni alikuwa na ofisi ya taarifa, Mwenyekiti naye akafungua dawati la taarifa pembeni ya choo, akamkabidhi muuza mikanda. Rais alivaa koti lililofungwa vifungo mpaka shingoni, na Mwenyekiti, katika joto lile la mabati, akaonekana asubuhi moja na koti la namna hiyo, jasho likimchuruzika masikioni. Mafundi cherehani wa ghorofani waliapa kwamba hawakulishona wao.

Muuza mikanda akarudi. Aliiweka nusu ya kwanza mezani kwa adabu.

"Nimekuja kuchukua ya pili, mama. Bei yoyote."

"Bei yoyote? Umeokota pochi?"

"Hapana, ni... nimependa tu."

"Ulipendea wapi?"

"Pale mwanzo."

"Pale mwanzo kuna nini?"

Muuza mikanda akatazama dari, akatazama ngazi, akamtazama fundi saa ambaye ghafla alikuwa na kazi nyingi.

"Mwambie aliyekutuma aje mwenyewe," Jenerali akasema. "Simuuzii mtu kitabu kupitia mkono wa mtu. Mikanda unamuuzia mtu bila kumpima kiuno?"

Jibu la maneno hayo lilikuja kesho yake kwenye kipaza sauti, kati ya tangazo la mtoto aliyepotea na tangazo la dawa ya panya. Eneo la chini ya ngazi linahitajika kwa ajili ya kamati ya usalama. Aliyepo aondoke kabla ya soko kufunguliwa Jumamosi. Kwa amri ya Mwenyekiti.

Nafasi nyingine ndani haikuwepo, kila mtu alilijua hilo. Nje kulikuwa na jua na mvua, na karatasi haina urafiki na kimojawapo. Pale chini ya ngazi ndipo palipomlisha Jenerali na nyumba yake. Ndipo palipomsomesha binti yake mpaka akavaa sare ya uuguzi. Mume wake, dereva wa lori, alikuwa mtu wa kuleta mshahara leo na spea kesho, na mara nyingi spea zilikuwa zimeula mshahara wenyewe.

Wifi yake, dada wa huyo dereva, alikuwa akiuza mapazia upande wa pili wa soko. Alikuja mbio na tepu ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni.

"Wifi, mpe hicho kitabu yaishe."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Vyote."

"Sikiliza. Ni makaratasi yaliyoshonwa kwa uzi. Unataka kupoteza meza kwa ajili ya rais ambaye hata hukumpigia kura?"

"Nikimpa kwa sababu amenitisha, wiki ijayo atataka rafu. Baadaye atataka kunichagulia cha kuuza. Wewe ukimpunguzia mteja kwa sababu amekufokea, akirudi anakuja anaongea taratibu?"

Wifi akaivuta tepu shingoni. Alikuwa na mteja wa namna hiyo, mke wa daktari. "Haya," akasema, "lakini kaka yangu akirudi safari asikute vitabu vimelala kitandani kwake."

"Vitalala hapo hapo. Yeye ana mazoea ya kulala kwenye lori."

Wifi alitaka kukasirika, akacheka bila kupenda.

Jioni hiyo Jenerali aliichukua nusu ya pili ya rais, akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Aliifumua. Alitoa uzi wote, akaigawa sura moja moja, kila sura akaibana kwa pini na kuivika karatasi ya kahawia. Kesho yake akapita sokoni kabla wateja hawajajaa.

Hakuomba kuonewa huruma. Huruma haina risiti. Alikwenda kuuza.

"Chukua hii," alimwambia muuza maturubai. "Usome, ukimaliza mpe jirani, yeye atakupa yake. Asipewe mtu wa ofisini."

"Kiasi gani?"

"Sitaki pesa. Jumamosi asubuhi, kabla hujafungua, uwe umesimama pale ngazini."

"Kufanya nini?"

"Kusimama."

"Jenerali, Jumamosi ndiyo siku yangu ya mauzo. Nitasimama kidogo tu."

"Mpaka niseme basi."

"Nusu ya hapo."

"Wewe una turubai lililozidi mpaka njiani kama shuka la mgonjwa. Kamati ikimaliza kwangu, unadhani itapima kwa nani?"

Muuza maturubai akaangalia turubai lake. Akapokea sura.

Hivyo ndivyo alivyokwenda, biashara kwa biashara, na kila mmoja alimpa sababu yake mwenyewe, kwa sababu kila mmoja ana kinachomuwasha. Wengine walikubali kwa hofu, wengine kwa kuchoka na kofia za kamati. Wapo waliokubali kwa sababu tu walikuwa wamesoma nusu ya kwanza na mlango ule uliogongwa ulikuwa haujawaacha walale.

Na mlango ulikuwa umegongwa na nani? Na mpishi wake, ameleta chai. Rais, aliyekuwa amezoea kusikia adui kila upande, akaamuru mpishi akamatwe. Nusu ya pili yote ni hiyo. Vita imekwisha, maadui wamerudi kwao, na mtu aliyejua kupigana peke yake anawatafuta humo humo ndani. Anamkamata mpishi, kisha dereva, kisha mdogo wake wa damu. Mkuu wake wa ujasusi anajifunza kumletea habari anazozitaka tu, mpaka nchi nzima inajua mambo ambayo rais pekee hayajui. Hapinduliwi. Anabaki ikulu na vyumba vyake, na hakuna anayekuja anapoita.

Sura zikazunguka. Muuza vitunguu alisoma ya mwisho kabla ya ya kwanza, akawaharibia uhondo wenzake, akatukanwa na safu nzima ya mboga.

Alhamisi, watu walipokuwa wakifunga, muuza mikanda alitokea tena. Safari hii hakuja na adabu za ofisini. Alichuchumaa mbele ya meza kana kwamba anafunga kamba za viatu.

"Jenerali. Nasikia vinapita vipande vipande. Mimi hawanipi."

"Nimewakataza."

"Rais alimkamata mdogo wake kweli?"

"Nani kakwambia habari za mdogo wake?"

"Nimesikia kwenye vitunguu. Nipe basi. Nipunguzie masharti. Mimi sina pesa ya maana mwezi huu, nipunguzie, tafadhali."

Jenerali akamtazama vizuri. Anaomba kupunguziwa. Huyu leo alikuja kwa miguu yake mwenyewe.

"Bei yako wewe ni kunyamaza. Akikuuliza kilichomo, hujui."

"Ninyamaze mpaka lini?"

"Mpaka akinunue mwenyewe."

"Ananiuliza kila siku, Jenerali! Nimwambie siku moja tu—"

"Basi acha."

"Haya, haya. Nanyamaza." Akapokea sura, akaiingiza ndani ya shati, akaondoka ameshika tumbo kama mwenye kuumwa.

Ijumaa mchana Mwenyekiti alikuja mwenyewe. Koti lilikuwa limefungwa mpaka shingoni. Watu waliokuwa wakipanda ngazi wakakumbuka ghafla kwamba wamechoka, wakakaa hapo hapo kwenye vidato.

"Mama," Mwenyekiti alianza, "mimi na wewe tumetoka mbali. Ulikuwepo getini."

"Nilikuwepo. Nilikuletea chai."

"Basi tusivunjiane heshima. Lete hicho kitabu, acha vikao hapa, na nafasi yako ibaki."

"Kitabu kinauzwa. Tuzungumze bei."

"Taja."

"Tarehe."

"Tarehe gani?"

"Ya uchaguzi. Unaitaja kwenye kipaza sauti, kwa mdomo wako, nami nakupa nusu ya pili."

Mwenyekiti akacheka, akatazama waliokaa kwenye ngazi ili nao wacheke. Hawakucheka. "Unataka kuninunua mimi kwa kitabu kilichokatwa?"

"Mimi ndiye muuzaji, Mwenyekiti. Mnunuzi ni wewe. Umemtuma mtu mara mbili."

"Nitakuongezea eneo. Mpaka kwenye nguzo ile."

"Tarehe."

"Nitakutia kwenye kamati. Utakuwa mkuu wa taarifa, unavijua hivi vitu."

"Kofia zenu zinawasha. Tarehe."

"Wewe mwanamke una kichwa kigumu! Kesho meza hii haipo."

"Basi kesho tutaonana, Mwenyekiti."

Akageuka kuondoka. Kila mtu pale aliujua mwendo ule, maana kila mtu sokoni hula kwa mwendo ule: mnunuzi anaondoka taratibu, anasimama kidogo kwenye duka la jirani, anashika kitu asichokitaka, anasubiri aitwe. Mwenyekiti alisimama kwa fundi saa, akashika saa ya ukutani isiyo na mshale. Akaiuliza bei. Fundi saa akamwambia imekufa. Akairudisha.

Jenerali hakumwita. Alichukua kitambaa, akaanza kupangusa vitabu vya majasusi.

Jumamosi alifika kabla ya geti kufunguliwa. Kwa kitambo kirefu ngazi zilikuwa tupu na aliwatukana kimoyomoyo mmoja mmoja, kwa mpangilio wa biashara zao. Kisha akaja muuza maturubai, uso umevimba kwa usingizi. Wakaja wa vitunguu, wakaja wa viatu. Wifi yake akaja na kikombe cha chai, akasema hajaja kusimama, ameleta chai tu, akasimama. Mafundi cherehani wakashuka wakakaa kwenye vidato na nguo za watu mapajani, wakaendelea kupinda mapindo. Hakuna aliyepiga kelele. Wengi walikuwa na karatasi ya kahawia mkononi na wengine walikuwa bado wanasoma.

Mwenyekiti alikuja na kamati nyuma yake, muuza mikanda akiwa wa mbele kwa sababu ndiye aliyepangiwa kubeba meza.

"Tawanyikeni. Hakuna kukusanyika."

"Tunanunua," akasema muuza maturubai, akainua sura yake.

"Mnanunua nini?"

"Nusu ya pili."

Mwenyekiti akatazama mkono mmoja, akatazama mwingine. Karatasi ya kahawia huku, karatasi ya kahawia kule. Ikamwingia taratibu kwamba soko zima limeshafika mwisho, na aliyebaki mlangoni ni yeye.

"Kuna nini humo?" akauliza, kisha akamgeukia muuza mikanda. "Wewe. Ofisi ya taarifa ni yako. Kuna nini humo?"

Muuza mikanda alishika ncha ya meza. Akaiachia.

"Kanunue, Mwenyekiti," akasema.

Kicheko kilianzia juu kwa mafundi cherehani, kikashuka ngazi kidato kwa kidato. Hakikuwa cha ukatili, hata mwanakamati mmoja alicheka akijificha nyuma ya kofia yake. Mwenyekiti alisimama katikati yake, na kwa mara ya kwanza tangu siku za tingatinga akaonekana mtu anayefikiri na si mtu anayekumbuka ukurasa. Akafungua kifungo cha shingoni. Akapumua.

"Mwisho wa mwezi huu," akamwambia Jenerali kwa sauti ya chini.

"Kwenye kipaza sauti."

"Nimekwambia wewe."

"Mimi si soko. Kwenye kipaza sauti."

Wakatazamana. Kisha Mwenyekiti akaenda, na watu wakasikia chombo kikikwaruza, kikipiga filimbi, na sauti yake ikataja tarehe, mara mbili, mara ya pili kwa hasira. Aliporudi, Jenerali alikuwa ameshaanza kuzikusanya sura kwa wenyewe na kuzipanga. Akamkabidhi fungu zima, bila uzi, pini kila mahali.

"Haikushonwa," Mwenyekiti akalalamika.

"Ndivyo ilivyo. Angalia vidole."

Akaikwapua, akaondoka nayo kwapani. Muuza mikanda alibaki amesimama hajui aende upande gani, mpaka wifi akampa kikombe tupu akipeleke kuoshwa.

"Atagombea tena," wifi akasema. "Na anaweza kushinda, wewe. Watu hawajasahau getini."

"Akishinda kwa kura, ameshinda."

"Utampa yako?"

"Aje aiombe. Waje wote waombe, nisikie wanaanzia wapi."

Watu walianza kutawanyika kwenda kufungua biashara zao. Jenerali akashika meza upande mmoja, akamwita fundi saa ashike mwingine, na badala ya kuirudisha ukutani wakaitoa nje ya kivuli cha ngazi, hatua nzima ndani ya njia, mahali ambapo kila anayepita atalazimika kuizunguka.

"Jenerali," fundi saa akasema, "hapa umezidisha."

"Najua. Shika vizuri, tusogeze tena kidogo."